Mabeseni Matano ya Mama Povu

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, bomba la uani linakohoa mara tatu, linatema hewa, kisha linaanza kutoa maji. Mwanamke mnene aliyejifunga kitambaa kiunoni anasogeza ndoo ya kwanza chini yake na kuinua kidole kimoja juu.

"Nyamazeni kidogo," anawaambia wanafunzi wawili waliosimama nyuma yake na kamera. "Ndoo huwa naijaza kwa sikio. Macho yana kazi nyingine."

Wananyamaza. Sauti ya maji inaanza nzito, inapanda, inakuwa nyembamba. Bila kutazama anavuta ndoo pembeni na kusukuma nyingine mahali pake, na halimwagiki hata tone.

Wateja wake na majirani humwita Mama Povu. Ana miaka hamsini na miwili, ni mjane, ana mabinti wawili, na kwa miaka ishirini na mitatu amekuwa akifua kwa mikono shuka, foronya na taulo za watu wengine. Malipo ya shuka moja hayatoshi kununua mche wa sabuni. Hata hivyo, ni shuka hizo zilizomsomesha binti yake mkubwa mpaka chuo cha uuguzi.

Bomba lake hutoa maji siku mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne tu kila mara. Siku zinazobaki ni za mapipa.

Ukutani amepanga mabeseni matano, kuanzia mlangoni hadi kwenye kamba za kuanikia. Msomaji apewe mpango huu taratibu, kwa maana ndio uliozua kisa chote. Shuka chafu huingia beseni la kwanza kulowekwa. La pili ni la sabuni. La tatu na la nne ni ya kusuuza. La tano, lililo karibu na kamba, ni la suuza ya mwisho, na humo tu ndimo yanamomiminwa maji mapya.

Shuka za awamu ya kwanza zikishatoka beseni la tano, maji yake hayamwagwi. Yanahamia la nne kusuuzia awamu inayofuata. Ya la nne yanahamia la tatu, na kuendelea hivyo hadi la kwanza, ambako hufika yakiwa ya kijivu, ya kulowekea shuka chafu tu. Kutoka hapo yanakwenda kuoshea choo.

"Shuka zinakwenda mbele, maji yanarudi nyuma," anaeleza. "Basi. Hakuna uchawi."

Kwa mtindo huo hufua shuka arobaini kwa mapipa mawili ya maji. Wengine wangehitaji matano.

Hakufundishwa na mtu. Aligundua mwenyewe mwaka ambao bomba lilikauka wiki tatu mfululizo. "Nilikuwa na mtoto mgongoni na pipa moja la maji. Ukibaki na pipa moja, akili inakuja yenyewe, hata kama shule uliishia darasa la tano."

Wanafunzi hao wawili ni wa klabu ya filamu na picha ya shule ya sekondari iliyo barabara ya pili kutoka hapo. Klabu ina wanachama kumi na mmoja, kamera mbili, na kompyuta moja inayozimika ikipata joto. Muhula huu waliungana na shule za nchi nyingine nne. Kila shule ilitakiwa kutengeneza filamu ya dakika nne kujibu swali moja: maji yanakufikiaje, na yakitoka kwako yanakwenda wapi?

"Mwanzoni walitaka kukodi gari waende mbali kutafuta ardhi iliyopasuka," anasema mwalimu wao wa jiografia, ambaye ndiye mlezi wa klabu. "Nikawauliza, kwani nyumbani kwenu bomba linatoka kila siku?"

Ndipo mshika kamera, msichana wa kidato cha pili mwenye sauti ndogo, akasema kwamba kila asubuhi hupita uani kwa mama mmoja mwenye mabeseni matano, na hajawahi kumwona akimwaga maji barabarani.

Siku ya kwanza ya kupiga picha haikuwa rahisi. Mhariri wa klabu, mvulana mrefu ambaye wenzake humwita Makasi, alimwomba Mama Povu ajitahidi kununa.

"Mama, tafadhali usicheke. Filamu yenyewe ni ya shida."

"Shida ipo, mwanangu," akajibiwa. "Ila leo imenikuta nacheka."

Walirekodi siku tatu. Klabu hiyo ina sheria yake moja, imeandikwa kwa chaki juu ya mlango wa chumba cha kompyuta: aliyepigwa picha ndiye mtazamaji wa kwanza, na akikataa, filamu haitoki. Kwa hiyo Jumanne moja jioni Mama Povu alivaa gauni lake la kutokea, akaketi mbele ya kompyuta, wanafunzi wamemzunguka, roho mkononi.

Mwanzo alifurahi. "Huyo ni mimi? Kumbe mgongo wangu mpana hivi!" Wakacheka wote. Kisha akainama karibu na kioo. Filamu ilipokwisha aliomba kuiona tena, na ya pili ilipokwisha akauliza:

"Nani ameipanga hivi?"

"Mimi, mama," Makasi akasema, akitegemea pongezi.

"Wewe umewahi kufua shuka?"

"Nafua soksi."

"Zako?"

"Zangu."

"Na zinatakata?"

Hapo wenzake walivunjika mbavu, lakini Mama Povu hakucheka. Akawaonyesha kosa lao kwa kidole, akigusa kioo.

Kwa kuwa filamu ilihusu maji, walikuwa wamefuata safari ya maji. Walianza na beseni la tano lenye maji meupe, wakaja la nne, la tatu, la pili, hadi la kwanza lenye maji ya kijivu. Katika kila beseni ilionekana mikono ya Mama Povu ikizamisha shuka nyeupe. Baada ya beseni la kijivu, shuka zikaonekana kambani. Mtu asiyejua angeapa kwamba ameona shuka zikianza safi, zikimalizikia kwenye uchafu, na kuanikwa.

"Mtu wa nyumba ya wageni akiona hii," alisema polepole, "kesho sina kazi."

Hakuwa akitia chumvi. Nyumba hiyo ya wageni yenye vyumba kumi na vinne humpa zaidi ya nusu ya nguo anazofua. Msimamizi wake ni mwanamke mkali, anayejulikana kwa kunusa kila shuka kabla ya kuipokea. Na alikuwa amekwisha kualikwa: Jumamosi ileile filamu ingeonyeshwa katika ukumbi wa shule, mbele ya wazazi na majirani, kisha itumwe nje.

Msichana wa kamera alianza kulia. "Tuifute, mama. Tutawaambia hatukumaliza."

"Nani kakwambia tufute? Mimi nikikuta doa kwenye shuka, huwa naitupa shuka?" Akavuta kiti karibu na Makasi. "Haya, baba, mashine hii inaendeshwaje? Nionyeshe pa kukata."

Walikaa hapo kwa muda wa karibu saa mbili. Mama Povu hakujua jina la kitufe hata kimoja, lakini alijua kipi kinatangulia kipi. Kwanza, akasema, mtazamaji aione shuka moja ikisafiri kutoka beseni la kwanza hadi kambani. Akishaamini kwamba imetakata, hapo ndipo aonyeshwe maji yakirudi nyuma. Na ili ajue kwamba ni shuka ileile, waipige picha ile yenye uzi mwekundu kwenye pindo. Kila mteja wake ana rangi yake ya uzi, ili nguo zisichanganyike, na mwekundu ni wa nyumba ya wageni. Kesho yake, siku ya maji, walirudi uani kuupiga picha uzi huo, beseni kwa beseni.

Bado lilibaki beseni la kijivu. Makasi, kwa nia njema, alipendekeza waliondoe kabisa.

"Ukiliondoa, utakuwa umeficha," Mama Povu akamwambia. "Wakigundua umeficha moja, watauliza umeficha mangapi. Liache. Wakinitoa kazini, wanitoe kwa jambo la kweli."

Mwalimu anakiri kwamba usiku huo alilala kwa shida. "Tulikwenda kwa mama yule kutafuta mada ya shule. Tukajikuta tumebeba riziki yake kwenye waya mmoja wa kompyuta."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Msimamizi wa nyumba ya wageni aliketi benchi la pili, mikono kifuani. Uzi mwekundu ulitoka beseni moja hadi jingine, watu wakaanza kuhesabu mabeseni kwa sauti, na shuka ilipopanda kambani wakapiga makofi. Kisha maji yakaanza kurudi nyuma. Yalipofika ya kijivu, mtu mmoja nyuma akaguna, "Mh!"

Taa zilipowashwa, benchi la pili lilikuwa na nafasi wazi. Msimamizi alikuwa ameondoka.

"Jumapili nilifua nguo zangu mwenyewe mara mbili," anakumbuka Mama Povu. "Hazikuwa na uchafu. Mikono tu ilikataa kukaa."

Kwa kawaida furushi la Jumatatu huletwa na mlinzi wa nyumba ya wageni. Jumatatu hiyo mlinzi hakuonekana. Saa tatu ikapita, ikaja ya nne. Ndipo msimamizi mwenyewe akasimama mlangoni, na nyuma yake kijana wa toroli.

"Wewe," akasema bila kubisha hodi. "Miaka sita nazinusa shuka zako natafuta kosa."

"Umelipata, dada?"

"Ningelipata ungesikia mtaa mzima." Akaenda moja kwa moja hadi beseni la kwanza, akainama, akatazama maji ya kijivu, akatazama la tano. "Kwa hiyo ule uchafu wa mwisho kabisa ni wa nani?"

"Wa wageni wako. Mimi hapa nimetoka kuoga."

Msimamizi alicheka hadi akaegemea ukuta. Toroli lilikuwa na shuka, na juu yake mapazia ya vyumba vyote kumi na vinne, kazi ambayo hapo awali alikuwa akimpa mtu mwingine. Aliondoka mapema ukumbini, akaeleza, kwa sababu wageni wawili walikuwa wanamsubiri na funguo alikuwa nazo mfukoni.

Filamu imekwisha kutumwa. Mama Povu anasema angependa kupata tangi la kukinga maji ya mvua, na majirani zake wawili wanaofua kwa beseni moja moja ameanza kuwaelekeza. Mmoja ameelewa upesi, mwingine bado anabishana naye.

Lakini leo asubuhi, huku ndoo zikijaa, wanafunzi wamekuja kwa jambo jingine. Wanataka kufuata shuka hadi mwisho wake halisi, na msimamizi amekubali: Jumamosi ijayo waingie vyumbani na kamera, pamoja na mfuaji.

Katika miaka yote sita, Mama Povu hajawahi kuvuka geti la nyumba ile. Shuka huletwa kwake, na huchukuliwa kwake. Hajaona hata kitanda kimoja.

"Nataka nikae tu pembeni ya kitanda," anasema, akiikamua foronya. "Dakika moja. Nione mgeni anavyoona."

"Tukupige picha ukiwa umekaa?" anauliza msichana wa kamera.

Mama Povu anajifuta mikono kiunoni.

"Kwanza nikague kona za shuka," anasema. "Kama wametandika vibaya nitandike upya mwenyewe. Nikimaliza, ndiyo nikae, ndiyo mnipige."