Bibi wa Kigiriki alivyonidai "hela" Mirdif mpaka nikataka kuacha kazi

Wakuu salaam. Hii sijaitia chumvi hata punje, ilinikuta mwenyewe.

Miaka ya 2010 nilikuwa dereva wa familia moja ya Wagiriki pale Mirdif, Dubai. Madam na sir wanashinda kazini.

Akaja mama yake madam kutoka Ugiriki kukaa nao kidogo. Kiingereza hajui, Kiarabu hajui, na mimi Kigiriki ndiyo kabisa.

Siku ya kwanza tu kasimama mlangoni, ananipungia mkono: "Ela! Ela!"

Mbongo mimi nikasikia hela. Hela gani tena?

Kesho yake mchana, tena: "Ela!" Simu ikiita anapokea: "Ela!" Nikasema huyu bibi anaidai dunia nzima.

Nikaanza kuogopa. Visa yangu iko mkononi mwa sir. Bibi akisema dereva kaficha hela zake, khalas, napandishwa ndege.

Nikamuuliza jamaa yangu wa Mombasa anayebeba mizigo Al Ras, hukohuko Dubai. Akanijibu, "Hela ndiyo nini? Sisi twasema pesa. Lakini mtu akikudai kila siku, ndugu yangu, hama hapo."

Akazidi kunichanganya.

Basi nikawa namkwepa. Akitokea mlangoni, nazama garini, napandisha vioo, najifanya nimelala. Barua ya kuacha kazi nilishaanza kuipanga kichwani.

Siku ya kumrudisha airport, madam akiwepo, bibi akanigeukia. Katanua mikono, machozi yanamlenga. "Ela."

Nikaona leo ndiyo leo. Nikatoa waleti.

Madam akauliza, "Hiyo ya nini?"

"Madam, mama ananidai hela tangu afike. Wallahi sijachukua kitu."

Alicheka sana. Akanieleza kwamba kwao ela ni "njoo". Ndiyo ya kupokelea simu, ya kumbembeleza mtoto, ya kumhimiza mtu, kama sisi na "haya" yetu. Na kwao mtu haachwi nje wenzake wanakula.

"Kila siku alipika chakula cha watu wawili," akasema. "Aliniambia hupendi mapishi yake."

Nilisikia aibu wakuu, acheni tu. Bibi wa watu anakula peke yake, mimi nimejifungia garini na mkate mkavu.

Mikono bado kaitanua. Nikaenda.

Funzo: neno la mgeni usilisikilize kwa sikio la kwenu, uliza kwanza.

Haya, nyie lugha gani iliwahi kuwaingiza chaka? Mnicheke, lakini mseme na yenu.