Jeep Aliyoahidiwa Mama Mbelu

Hapa Kamina gari lolote lililoinuka kidogo kutoka ardhini tunaliita jeep, hata kama ni dogo na watu wanne wanabanana ndani. Lililo chini, refu, lenye buti nyuma, tunaliita vwature. Vwature ndiyo inayobeba bibi harusi kutoka kanisani, na mwenye nayo hasalimiwi kwa haraka. Lumbala, mfanyabiashara wa magari, alishusha moja la kila aina kutoka treni ya Lubumbashi: vwature nyeupe na jeep ndogo ya kijivu, zote zimekwisha kutumika huko ng'ambo, zote bei moja. Ngalamulume Éphraïm, karani wa ofisi ya elimu, alipozisikia tu alijua anataka ipi.

Alitaka jeep, na si kwa maringo. Alitaka kumrudisha mama yake nyumbani.

Mama Mbelu aliolewa Kamina, akazaa Kamina, akamzika mume wake Kamina. Halafu ukaja ule mwaka wa tisini na tatu, watu wenye asili ya Kasai wakaambiwa kwao si hapa, wakasukumwa ndani ya mabehewa. Éphraïm alikuwa kijana wa shule. Mdogo wake, Léonie, alishikwa na kuhara mle ndani akafa kabla ya Kaniama, na treni haikusimama. Mama alimpakata hivyo hivyo hadi Mwene-Ditu, upande wa Kasai. Siku ile aliapa kwamba hatapanda treni tena maisha yake yote.

Éphraïm alirudi akiwa mtu mzima, akapata kazi, akamwoa Ève, mwalimu, binti wa familia ya Kimetodisti ya mji huu. Mama alibaki kule. Kila alipoombwa kurudi jibu lilikuwa lile lile: atakuja kuzikwa karibu na mume wake, lakini kwa motokari ya mtoto wake, kwa barabara. Na barabara ile ni mchanga na mashimo. Wanaoijua wanasema kama huna gari la juu usijisumbue.

Basi palikuwa na nini cha kuchagua? Hakuna. Kilichoharibu mambo ni midomo yetu.

Éphraïm aliijaribu jeep akapita nayo mtaani kwake. Jirani yake Likoke alikuwa amekaa mbele ya nyumba, akampigia kelele kwa jina la binti yake, kama tunavyoita wazazi hapa.

"Baba Mira! Weye na jeep? Unaenda wapi?"

"Siende fasi yoyote. Ninaijaribu tu."

"Eeh! Bakasai bakianza kutafuta jeep, siye tunajua mambo iko karibu. Siku ya kukimbia utuambie!"

Watu wakacheka. Likoke hakuwa na ubaya, tuseme ukweli. Huyo hata msibani anatafuta cha kuchekesha. Lakini miezi ile maneno ya nani ni wa hapa na nani si wa hapa yalikuwa yameanza tena kuzunguka sokoni, na Éphraïm aligeuza jeep pale pale. Alirudisha jeep kwa Lumbala akisema atafikiri.

Nyumbani alimkuta shemeji yake Mwanza, kaka mkubwa wa Ève, mzee wa kanisa, mtu asiyeulizwa akakosa jibu.

"Shemeji, jeep njo motokari ya muntu wa safari," Mwanza alisema, na "njo" yetu ya Kamina ni "ndiyo" yenu. "Muntu mwenye iko kwake ananunua vwature. Ukikuwa na vwature, ukibeba bibi harusi ya bantu kila Jumamosi, nani atasema weye unataka kwenda?"

"Na mama?" Ève aliuliza. "Mama ulimuambia nini?"

"Mama atangoja kiangazi," Mwanza alimjibu badala ya mume. "Kiangazi barabara inakauka, hata vwature inapita."

Mwanza hajawahi kuendesha gari. Ana baiskeli. Éphraïm alijua vizuri kwamba mchanga ukikauka ndio unameza zaidi; alijua, akanyamaza, na kesho yake akanunua ile nyeupe. Huo ulikuwa woga, na sitautafutia jina lingine zuri. Sisi tuliouleta woga huo kwa vicheko vyetu tulimpongeza.

Jioni mama alipiga simu. Kule Kasai hakuna wa kusema naye Kiswahili, lakini alikuwa ameshika kile cha Kamina miaka yote hiyo, na mwanawe alimsemesha kwacho tu.

"Mutoto yangu, umeipata?"

"Ndiyo, mama."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Iko juu?"

Éphraïm alitazama ukuta. "Iko juu, mama."

Mama Mbelu alipiga vigelegele ndani ya simu mpaka Ève akavisikia kutoka jikoni. "Basi minyi ninafunga bintu," alisema.

Vwature ikafungwa utepe, ikabeba bibi harusi huyu na yule. Mwenyewe alikaa kwenye usukani na koti lake, watu wakimpungia mkono, na alifurahi, tusimsingizie huzuni. Hata Likoke aliomba gari siku ya harusi ya mpwa wake, akapewa bure.

Kiangazi kilipofika Éphraïm alijaribu. Hakuna atakayesema hakujaribu. Kabla ya Kaniama gari lilikalia tumbo kwenye mchanga, na alipolilazimisha, jiwe likapasua karteri, lile bakuli la chini linaloshika mafuta ya injini. Mafuta yote yakamwagika. Lori likamvuta kwa kamba mpaka mjini, wakaingia Jumapili watu wanatoka kanisani. Likoke alisimama akaangalia. Siku hiyo hakucheka, na hilo lilimuuma Éphraïm zaidi.

Alimwambia mama gari limeharibika kidogo, linangoja kipuri. Mama alisema "Haya." Tangu hapo hakuuliza tena.

Gari lilikuwa limekwisha kutengenezwa na limerudi kwenye harusi zake, ndipo mtu asiyemjua akampigia Éphraïm simu: mama yako yuko kwenye treni, njoo umpokee.

Stesheni ya Kamina mama aliteremka wa mwisho. Alikuwa amepungua mno. Furushi lake alilipakata kifuani kwa mikono miwili, na abiria mmoja alisema toka Mwene-Ditu amekataa kuliweka chini. Éphraïm alijaribu kulipokea, naye akakataa.

Walipofika kwenye gari mama alilitazama magurudumu, kisha tumbo.

"Hii njo ile yenye iko juu?"

"Nisamehe, mama."

"Nilikungoja. Kisha nikaona nitafia kule, na baba yako iko peke yake huku. Njo nilipanda." Alisema bila ugomvi. Éphraïm angependa kofi kuliko sauti ile.

Walipoingia mtaani Likoke alikuwa mahali pake.

"Baba Mira! Umeleta mugeni mwingine? Bakasai mutatumaliza mu hii mutaa!"

Watu wakacheka kama kawaida yetu. Mama Mbelu, aliyeletwa bibi harusi katika mtaa huu kabla Likoke hajazaliwa, aligeuka kutoka dirishani.

"Ule njo nani?"

"Jirani, mama."

"Njo yeye ulimununulia hii motokari?"

Éphraïm alikanyaga mafuta kidogo, na gari likapita bila kutikisika, kwa sababu kipande kile cha barabara ni laini.