Usizibe Mdomo wa Boila

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyotoka Likasi bila kumuaga mtu. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa kijana, shule nilikuwa nimeiacha mapema, na miguu yangu haikujua kukaa. Nilidandia lori la mahindi, na mchana likanishusha Kolwezi, mji mwingine wa migodi huko Katanga.

Ulikuwa wakati mbaya, mwanangu. Kampuni ya shaba ilikuwa inaanguka, mishahara haiji, na wakubwa wa siasa walikuwa wamewaambia watu kwamba mwenye kosa ni jirani yao, yule ambaye babu yake alitoka jimbo la Kasai. Basi jirani akafukuzwa. Familia nzima zililala nje pale stesheni, na masufuria na magodoro yao, zikingoja treni isiyofika. Mpaka leo nikiyasema haya damu inanichemka.

Nilipita kwenye nyumba za kampuni nikitafuta pa kulala, nikasikia makelele. Mlangoni pa nyumba moja alisimama bwana mmoja aliyeitwa Tata Ngoy, fimbo mkononi, na vijana nyuma yake. Alikuwa ameingia nyumba ile siku ileile mwenye nyumba, Tata Tshibangu, alipofukuzwa. Ndani, boila, lile tangi la umeme la kuchemshia maji, lilikuwa linagonga na kunguruma kama linataka kung'oka ukutani. Bomba lake moja lilikuwa limeachia kidogo kwenye kiungo, na maji yalikuwa yamemuunguza mkono Mama Numbi, mke wa Tata Ngoy.

"Bale bantu baliitega mbele ya kwenda!" Tata Ngoy alipiga kelele, akimaanisha kwamba kina Tshibangu walilitega boila kabla ya kuondoka. "Twende ku gare, ku stesheni. Leo Tshibangu atalipa!"

"Tata, uliiangalia kwanza?" nikauliza.

"Weye ni nani? Injeniere?"

Vijana wakacheka. "Angalia biatu yake, hata kamba haina!"

"Mi ni mupita njia," nikasema. "Lakini ile kintu ingali inachemka. Mukienda sasa, mutarudi kukuta nyumba haina ukuta."

Hapo wakasimama. Huko Likasi nilikuwa nimekaa nyuma ya mafundi wengi, nikiwachosha kwa maswali, kwa hiyo nilijua pa kuanzia. Niliwatoa wote nje. Nikakata umeme. Kisha nikafungua bomba la maji ya moto la jikoni, mbali na tangi, ili nguvu iliyofungiwa ndani ipate pa kutokea. Tukangoja lipoe.

Lilipopoa nikachungulia chini yake. Pale pana vali ndogo inayodondosha maji kidogo kila tangi linapopata moto. Huo si ugonjwa. Maji yakipata moto huongezeka, na lazima yapate pa kupita. Lakini siku zile bomba la mtaa lilitoa maji saa chache tu kwa siku, na watu waliona kila tone ni hasara. Wengi waliiziba. Na hapa, mdomoni mwa vali, palikuwa na kijiti kilichochongwa kwa kisu, bado cheupe kwa upya.

"Unaona?" Tata Ngoy akasema. "Ni bulozi yake, buchawi yake!"

Mama Numbi, mkono wake umefungwa kitambaa, alijibu bila kupandisha sauti. "Tata Ngoy, weye njo, weye mwenyewe, uliweka kile kijiti. Mi nilikuona. Ulisema maji inapotea."

Kijana mmoja aliegemeza fimbo yake ukutani.

"Hata vile, Tshibangu alipaswa atuambie!" Tata Ngoy akasema.

"Angekuambia saa ngapi?" nikamuuliza. " Ulimupa hata wakati ya kubeba kitanda yake?"

Tata Ngoy akanivuta pembeni. Sauti yake ilikuwa laini sasa. "Kijana, chumba ya nyuma iko wazi. Lala pale. Lakini hii mambo usiitangaze."

Nilichukua kifurushi changu nikatoka. Afadhali kulala njiani kuliko chini ya bati lile.

Nilikwenda stesheni, nikaulizia, nikamkuta Tata Tshibangu ameketi juu ya godoro lililoviringwa, mkewe akipepea moto wa makaa. Nikamweleza jinsi alivyoponea chupuchupu kupigwa kwa sababu ya kijiti kilichowekwa na mtu mwingine. Nilitaka alaani. Akauliza, "Ule mama aliungua sana?" Kisha akasema, "Umuambie bwana yake afungue robine ya chini, ile bomba ya kumwangia maji, atoshe chokaa yote inje. Ile njo inafanya igonge."

Nilimkasirikia hata yeye kwa upole wake. Nikasema kwa nguvu kwamba sirudi kule. Akanitazama, akaniuliza nitalala wapi.

"Nenda mtaa wa Kasulo, uulize Mzee Salumu wa malori. Useme Tshibangu amekutuma."

Nilikwenda. Mzee Salumu alifungua mlango, akasikia jina lile, akatandika mkeka katikati ya magunia bila swali la pili. Mtu aliyelala nje ndiye aliyenipatia pa kulala.

Mwanangu, boila likigonga, kata umeme kwanza, kisha utafute. Vali ikidondosha, weka ndoo chini yake, utumie maji hayo, usiizibe kamwe. Na siku utakapoambiwa kwamba aliyeharibu ni yule aliyefukuzwa, chungulia kwanza mikono yako mwenyewe. Wakikupa nyumba ya mtu aliyefukuzwa, ikatae, hata kama wote wanacheka.

Mungu akupe paa usilomnyang'anya mtu, na jirani atakayeuliza kama umeungua.