Karanga Zilikuwa za Mama

Juzi nilimpeleka mdogo wangu wa mwisho kwenye maonyesho ya historia ya tamasha la filamu la kimataifa hapa Johannesburg. Ndani ya kabati la kioo ipo tuzo kuu: karanga ya dhahabu. Ukutani wameandika kwamba mwanzilishi ndiye aliyebuni kura za karanga, akiuwaza udongo wa Afrika.

Udongo gani, rafiki yangu? Karanga zilikuwa za mama.

Mwanzilishi huyo alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, mtaani Rosettenville. Mkongo, mwanafunzi, mwenye projekta na njaa isiyoisha. Jumamosi jioni mama alitundika shuka ukutani uani, mimi nikapanga makreti ya kukalia. Ua ulinuka mkaa na sabuni ya kufulia. Walikuja wafanyabiashara wa Tanga, mafundi cherehani wa Bukavu, na jirani Mreno na kiti chake mwenyewe. Walipogombania filamu ipi bora, mama aligawa karanga za maganda: kila mtu moja, aitie kwenye sufuria ya filamu aliyoipenda. Zikishahesabiwa, alizimenya, akazikaanga kwa chumvi, tukazila zingali moto. "Haya, kuleni," alisema, "tuone kesho nani atadai ameibiwa kura!"

Hivyo ndivyo tuzo hizo zilivyoanza. Kisha wazazi wakafariki, mpangaji akahama na projekta yake na shuka letu, nami nikaacha shule niwalee wadogo zangu. Huyu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Hana hata picha ya mama.

Juzi hiyo nilimkuta mwanzilishi mlangoni pa maonyesho, ndani ya suti.

"Kaka, mama yuko wapi kwenye ukuta wako?"

"Eish, dada! Historia lazima iwe fupi. Ukuta wenyewe mdogo."

"Jina la mama ni fupi kuliko lako."

Akacheka, akanipa tiketi za usiku wa kufunga tamasha. Nikamrudishia mkononi.

"Basi, tutaliongeza mwakani," akasema.

Mdogo wangu husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kizulu. Siku hiyo, uso wake ukiwa karibu na kioo, aliniuliza kwa Kiswahili, "Mama alishika hii?"

"Hiyo hapana. Zake zilikuwa zinaliwa."

Ua wetu leo ni gereji, na ukuta wa shuka umebomolewa. Mwakani nitasimama tena pale mlangoni, na mwaka wa pili yake. Nimelea watoto wa mama mpaka wamekua; jina lake halitanishinda.