Usimkimbilie Muuaji

Ofisini kwetu kuna wagonjwa wapya wa ule mchezo wa kompyuta, ule wa mji mdogo wa Ulaya ya zamani ambako msaga unga anakutwa amekufa kanisani, na wewe, fundi wa kengele uliyefika juzi tu, unapewa kazi ya kutafuta nani alimuua. Kila mmoja anakuja mezani kwangu: "Maman, nianzie wapi?" Nawaambia jambo moja na hawalisikii: acheni haraka. Vijana hawa wanabonyeza maneno ya watu kama wanaoua chawa, kisha wanalalamika kwamba hadithi haieleweki. Itaeleweka vipi, na wewe hujamsalimia mtu?

Salimia kila nyumba. Ukikaribishwa kula, kula. Watu husema mengi wakiwa mezani. Usiende kutafuta majibu kwenye intaneti, utajinyima utamu kwa mkono wako mwenyewe. Na ujue kwamba ulichokwisha kujibu hakifutiki, maji yakimwagika hayazoleki. Nimeucheza mara mbili, mara ya kwanza peke yangu, ya pili na mama yangu, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifundisha.

Mama alivuka ziwa kutoka kisiwa cha Idjwi kuja kwangu mjini, Nyalukemba, kutibiwa macho. Daktari alipomaliza naye, akaanza kukunja vitenge vyake. Baba alishafariki, kule mama analala peke yake, na mimi sikutaka aondoke hata kidogo. Lakini kumwambia "baki" nilishindwa. Kwetu mama wa binti hakai kwa mkwe wake. Anatembea, anashukuru, anaenda. "Batu batasema niko nakula mahari mara ya pili," ndiyo kauli yake, na ukimbishia anakasirika.

Jumapili moja baada ya misa alinikuta na kompyuta. "Uyu mwenye kulala ndani ya kanisa ni nani?" Nikamweleza. Mchezo ni wa Kifaransa, naye hakijui, basi nikawa namsomea kwa Kiswahili, yeye anachagua, mimi nabonyeza. Alipotangaza, "Bon, nitaenda tukishamupata muuaji," moyo wangu uliruka. Muuaji mimi nilimjua! Ni mpishi wa padri. Tangu hapo kazi yangu ikawa moja: kumweka mama mbali na lile jiko.

Nikamzungusha weee. Tulimtembelea mhunzi, tukamtembelea mjane anayeuza mishumaa, ambaye mama alimpenda papo hapo kwa kuwa wote ni wajane, tukarudi kwa mhunzi.

"Tena uyu?" mama akauliza.

"Maman, hatukumuuliza habari za mke wake."

"Kweli, tulikosa adabu."

Alikuwa akiwasalimia wote, hata mbwa. Umeme ukikatika, anakaa palepale mbele ya kompyuta iliyozimika, akibishana nami juu ya nani mwongo. Wiki zikaenda, vitenge vikatolewa tena mfukoni, nami nilikuwa na furaha ya mwizi.

Ila mchezo una kalenda yake, na siku ya hukumu ilifika. Hakimu akasimama, akamwelekezea kidole yule mjane wa mishumaa, akatuuliza: siku ile msaga unga alipouawa, hamkumwona akitoka kanisani? Nikatafsiri. Chini kulikuwa na majibu mawili tu ya kuchagua, ndiyo na hapana, kwa Kifaransa.

"Ndiyo," mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyeapishwa.

Nikabonyeza "oui".

Lo! Mimi ambaye ugali wangu ni kutafsiri! Kwetu, ukiulizwa "hamkumwona?" ukajibu "ndiyo", umekubali kwamba hukumwona. Kwa hakimu yule, "ndiyo" hiyo maana yake tulimwona. Walinzi wakamshika mjane wa watu, wakamtoa huku analia, na kengele tuliyoitengeneza sisi wenyewe ikaanza kupigwa.

"Yesu Maria! Banamupeleka wapi?"

"Maman, umesema tulimwona."

"Miye? Nimesema ndiyo, hatukumuona! Unatafsirigaka nini kule ku kazi yako? Rudisha!"

"Hairudi, Maman."

Akasimama, kitambaa cha kichwa kimelegea, akanigeukia kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa shule ya msingi. "Muuaji iko mupishi wa padri! Kinu kilisimama tangu musaga unga afe, na ule mupishi kila siku iko na mukate wa moto. Unga alipata wapi? Niko najua tangu juma la kwanza!"

"Sasa mbona hukusema?"

Hasira ikamwisha. Akaketi, akaanza kufunga kitambaa upya bila kunitazama. "Ningesema, tungemaliza. Tungemaliza, ningeenda. Ile nyumba ya Idjwi iko kimya sana, mutoto wangu."

Kumbe wote wawili tulikuwa tukimficha mpishi yule yule, na aliyeumia ni mjane asiye na kosa. Niliona aibu, tena niliona raha, vyote pamoja. Hapo ndipo mume wangu, aliyekuwa mlangoni akingoja chai yake kwa subira ya kinafiki, akaingia na kusema kwa heshima yote: "Maman, ng'ombe za mahari mulishakula, ile iliisha. Muchele ya hapa iko yangu. Mubakie, mukule muchele."

Kwetu mkwe hajibiwi ovyo. Mama aliomba simu yangu, akampigia kaka yangu kule kisiwani.

"Ile maharagi, panda weye," akamwambia kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya ziwa, na kweli kaka alikuwa ng'ambo ya ziwa. "Kuku, usiuzishe zote. Na nyumba, mupatie mutoto wako mukubwa, aingie na muke yake. Miye siko narudi tena."

Niliposikia ameitoa nyumba ya Baba, nilitoka nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka, nikalia, uso nimeuficha kwenye shuka.