Salamu Haiozi
Mlinzi wa ufukwe wa Ziwa Singidani ana filimbi shingoni, na Ritha ameichukia filimbi hiyo mpaka anaisikia usingizini. Kila asubuhi mlinzi huburuta kisigino mchangani kuchora mpaka: huku wafuaji nguo na ng'ombe wao wa kunywesha, kule watu kama Ritha, wanaojifunza kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Vidole vyake vinene huzipapasa kamba za tiara moja moja, kama anayechagua mchele. Sheria yake kuu ni kwamba tiara ikiwa juu, hakuna kusalimiana. Wiki hii Ritha amepigiwa filimbi mara tatu kwa kuachia mpini wa tiara ili ampe mzee mpita njia shikamoo.

"Salamu haiozi!" mlinzi hufoka. "Tiara ndiyo haimsubiri mtu!"

Leo mlinzi alikuwa amemshikia Ritha tiara, aiachie Ritha akishampa ishara ya kidole. Mara akatokea mama mkwe wa mlinzi, beseni la nguo kichwani. Mlinzi hakungoja ishara wala nini. Aliachia tiara, akachuchumaa, macho chini.

"Shikamoo, mama."

Upepo ukamzoa Ritha na kumburuta mchangani hadi miguuni pa yule bibi, tiara ikiyumba juu yao. Ritha akatema mchanga, akamgeukia mlinzi ili amtolee yote aliyoyameza wiki nzima. Kabla hajaanza, macho yake yakakutana na ya bibi.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Filimbi ikalia.