Krenki ya Mjomba

Juzi fundi wa hapa mtaani kaniuliza kama krenki ya gari langu, ile shafti nene inayozungushwa na pistoni, ambayo imeshachongwa kusawazisha palipolika, airudishe kwenye injini au tutafute mpya. Swali la kawaida kabisa, ndugu yangu, lakini nilimfokea mpaka akarudi nyuma. Masikini ya Mungu, hakujua ameniuliza nini.

Mimi nimekulia Guangzhou, China, miaka ile wafanyabiashara wa kwetu wamejaa mtaa wa Xiaobei. Tulipanga chumba juu ya barabara ya Huanshi. Mama akikaanga vitunguu vya pilau, majirani Wakongo walikuwa wanagonga mlango kuuliza leo kuna nini. Kazi zangu zilikuwa mbili: kuchambua mchele na kumtafsiria baba. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nasoma shule ya Wachina, na kila baba alikokwenda kununua kitu mimi nilikuwa pembeni yake.

Mwaka huo mjomba, kaka yake mama, aliuza shamba lake Iringa akanunua lori bovu, akamwomba baba amtafutie injini. Baba akapata iliyotumika, tukaipeleka Sanyuanli kwa fundi mmoja mzee aifungue na kuifunga upya. Mzee yule akaiosha krenki kwa mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akaipaka unga wa chaki. Tukangoja. Kwenye ule weupe ukajitokeza mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Akanishika kidole akanionyesha. "Bu xing," akasema. Nikamwambia baba haifai, imeshachongwa mara mbili na sasa ina ufa, itakatika.

Baba akacheka. Kwake yeye Mchina akikataa ndiyo kwanza biashara imeanza. Watu wa kwetu wote pale kwenye jengo la maduka la Tianxiu Dasha walinunua hivyo: ukikataliwa unageuka, unaondoka taratibu, unasubiri kuitwa. Kwenye mashati na viatu, sawa. Lakini chuma? Akanishika mkono tukaondoka, akisema mzee anataka tu kutuuzia mpya, atatuita. Tulifika mpaka kona. Hakutuita. Nikamwambia baba ufa nimeuona kwa macho yangu, akaniambia ninyamaze. Kesho yake krenki ileile ikachongwa mara ya tatu kwa fundi mwingine asiyeuliza kitu, na injini ikaingia kontenani.

Krenki ilikatika kwenye mlima wa Kitonga, huko Iringa, lori limebeba saruji na mjomba kwenye usukani. Breki hazikushika, likarudi nyuma likapinduka, na mjomba akakatwa mguu. Simu ilipokuja, mama alimgeukia baba akamuuliza ina maana yule fundi hakuona kitu. Baba akanitazama mimi.

"Mtoto hakutafsiri vizuri," akasema.

Kwetu mtoto hambishii baba yake, basi nikameza, na neno hilo likamfikia mjomba hivyohivyo. Baba, mtu mzima na ndevu zake, kumsingizia mtoto!

Kile chumba sasa wanakaa wengine, na wale Wakongo sijui walitawanyikia wapi. Vyote hivyo navikumbuka kwa mapenzi, hata harufu ya ile karakana. Baba, hapana.

Kila niliporudi likizo nilikwenda kumsalimia mjomba. Alikuwa ananikalisha karibu na ule mguu uliobaki, ananishika mkono. "Usijisumbue, mwanangu," alikuwa ananiambia. "Ulikuwa mtoto."

Tumemzika mwaka jana. Alinisamehe mpaka siku ya mwisho, na mimi nilimwitikia ahsante.